Mabawa ya Bi Somoe

Kilwa Masoko

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku mwisho wa nchi, ambako jua linachomoza majini badala ya kuzama majini kama huko kwetu Ujiji. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimekwisha. Sijui miguu yako inaendeleaje tangu mvua zikatike, na kama kweli umeacha kubeba ndoo mwenyewe kama ulivyoniahidi. Ramadhani akikusomea barua hii, mwambie asome taratibu na asiruke mahali. Namjua mdogo wangu huyo, akiona karatasi nyingi anaanza kufupisha.

Nimeandika kwa mkono makusudi. Kwenye simu uliniuliza kama ni kweli narusha ndege iliyotengenezwa nyumbani kwa mtu. Nikakujibu ni kweli, mtandao ukakatika hapo hapo, nikajua utabaki na neno hilo moyoni wiki nzima. Halafu nikikupigia tena nitaanza kusema, utaniuliza nimekula nini, na maneno yatapotea. Sasa nakueleza tangu mwanzo, uamue mwenyewe kama mwanao amefanya sawa. Mimi siku nyingine naona nimefanya sawa, siku nyingine sijui.

Unamkumbuka Fundi Bakari, yule fundi wa ndege niliyekuwa nakusimulia nilipoanza kazi Dar es Salaam? Nilipokuwa rubani mgeni, sijui hata pa kuweka mkoba wangu, ndiye aliyekuwa ananiita karakanani na kunifundisha kusikiliza injini. Alipostaafu alirudi kwao hapa Kilwa Masoko, akasafisha ghala la korosho lililokuwa nyuma ya nyumba yake, akaanza kuunda ndege. Ndege kweli, Mama, ya watu wawili. Kiwiliwili chake ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, mbavu za mabawa ni za mbao, na juu yake inavikwa kitambaa maalumu kinachoshonwa kwa mkono, kikakazwa kwa pasi na kupakwa rangi mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Watu wengi duniani wanaunda hivyo, na inaruhusiwa, mradi mkaguzi apite kila hatua. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, polepole, kama mtu anayejenga nyumba tofali moja moja. Kisha akaugua ghafla na kufariki, ndege imekamilika kila kitu isipokuwa mabawa kuvikwa nguo.

Mjane wake anaitwa Bi Somoe, fundi cherehani. Sare za shule za mji huu karibu zote zimepita mikononi mwake. Alipotoka eda alifungua ghala, akayatazama yale mabawa ya mbao tupu, akasema ndege haiwezi kukaa uchi. Marehemu alishamfundisha kwa kumshonesha mkia. Mkaguzi wa ndege alipokuja kutoka Dar alilikubali bawa la kulia, la kushoto akamfumulisha lote, kwa sababu mafundo yalikaa mbalimbali kuliko inavyotakiwa. Bi Somoe akafumua, akashona upya. Alipomaliza akanitafuta kwenye simu. Marehemu alikuwa amemwambia kwamba siku ndege ikiwa tayari, niitwe mimi Zaituni niirushe. Wakati ule kampuni ilikuwa imepunguza marubani nami nimekaa tu Dar natazama dari, kwa hiyo nikapanda basi la kusini, nikashuka Nangurukuru, na bodaboda ikanifikisha huku Masoko nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Nakaa kwa Bi Somoe. Chumba changu kimepakana na chumba chake cha kushonea, na asubuhi naamshwa na cherehani kabla ya jogoo. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, anacheka kwa mabega. Amezaliwa Pande, upande wa pili wa maji, na akikasirika anahamia Kimachinga, lugha ya kwao, ili nisielewe. Ananipikia ming'oko, mizizi fulani inayochimbwa porini huku kusini, nami nimeizoea mpaka naiota. Yuko pia binti yake, Sharifa, anayefanya kazi ofisi ya wilaya, rika langu, mcheshi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau.

Sasa kuna jambo moja la kanuni lazima nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Ndege ya kiwandani ina wenzake wengi walioruka kabla yake, tabia zao zinajulikana. Hii ya Fundi Bakari haina mwenzake duniani. Kwa hiyo anayeirusha kwanza anapewa kibali cha majaribio chenye masharti: aruke mchana, hewa ikiwa nzuri, mbali na nyumba za watu, na aruke peke yake. Kiti cha pili kinakaa kitupu mpaka zitimie saa zilizopangwa na mkaguzi aridhike. Mkaguzi ni mtu mtaratibu, anazungumza kama anayesoma. Siku aliyonikabidhi kibali alisimama karibu na propela akaniambia, "Ndege hii haina kampuni nyuma yake. Ukishaingia mle ndani, wa kujikataza ni wewe, na wa kuulizwa ni wewe."

Siku ya kwanza niliyoirusha, Bi Somoe hakuja kiwanjani. Sharifa aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekaa kwenye cherehani anakanyaga tu, hakuna nguo chini ya sindano, mpaka aliposikia mlio wa injini unapita kwa mbali upande wa bahari na kwenda zake. Hapo akaacha kukanyaga, akabaki na mikono magotini.

Mama, sijui nikueleze vipi yale ya huko juu. Nimerusha ndege kubwa kuliko hii, zenye vioo na viyoyozi, lakini zile ni kama kukaa ofisini. Hii ni kitambaa na upepo. Asubuhi, kabla hewa haijachemka, inapanda bila hata kutikisika, na unaona ukungu umelala juu ya mikoko kama pamba iliyoanikwa. Mifereji ya maji inaingia ndani ya mikoko inajipinda, inagawanyika, inajipinda tena, ukiifuata kwa macho unasahau ulikoanzia. Kisha mikoko inaisha na maji yanaanza, ya kijani kwanza, halafu rangi ambayo sina jina lake, halafu buluu nzito. Kisiwani pale, yale magofu ya watu wa zamani yanaonekana madogo, kuta bila paa, na nyasi vyumbani. Kivuli cha ndege kinatembea juu ya maji peke yake, mbali na mimi, kama jambo lisilonihusu. Siku nyingine nilikuwa nashtuka kuona nimetua, maana moyo ulikuwa bado huko.

Kila niliporudi, Bi Somoe aliniwekea chai na mihogo, akavuta kigoda, akauliza nimeona nini leo. Nikawa namsimulia. Alikuwa ananisikiliza amegeuza uso kidogo pembeni, nikadhani ndiyo tabia yake. Siku moja akaniambia kwamba hageuzi uso kwa tabia. Ana presha ya macho. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari amempa matone ya kupunguza kasi, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Bawa la kushoto lilifumuliwa kwa sababu hiyo, Mama. Hakumwambia mkaguzi, na ule ushonaji wa pili aliufanya kwa kupapasa kila fundo kwa ncha ya kidole.

Akaniambia pia ya kiti cha pili. Marehemu aliunda ndege ya watu wawili kwa ajili yake. Alimwahidi safari ya kwanza watakwenda Pande, aone kwao kutoka juu, yeye ambaye hajawahi kupanda ndege yoyote ingawa mumewe alizitengeneza maisha yake yote. Hakulia aliponiambia. Alisema tu kwamba angependa akaone mara moja, kabla hapajawa giza.

Nikapiga hesabu zangu kichwani. Saa zilikuwa zinakwenda vizuri, zingetimia kabla ya masika. Nikamwambia asubiri kidogo tu. Akasema atasubiri.

Haikuchukua muda, injini ikanizimikia. Usishtuke Mama, unaona mimi ndiye ninayeandika. Nilikuwa kusini ya mji, juu ya mashamba ya chumvi, injini ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikanyamaza. Ukimya ule sijawahi kuusikia. Kwa kuwa kanuni inanitaka nisivuke mikoko kabla sijapata kimo cha kunifikisha pakavu hata bila injini, nilikuwa na kimo. Ndege ikizimika haianguki kama jiwe, inateremka kama mwewe asiyepiga mabawa. Nilichagua uwanda mkavu mweupe kando ya madimbwi ya chumvi, nikafunga mafuta, nikakaza mkanda, nikatua. Magurudumu yalichora mstari mrefu kwenye chumvi. Wavuna chumvi walikuja na majembe yao, mmoja akanisalimia shikamoo kwa kuchanganyikiwa ingawa ana umri wa baba, kisha wakanisaidia kuisukuma ndege hadi barabarani. Wakanipa chupa ya maji, nikainywa yote nimesimama.

Ndege ikavutwa hadi ghalani, nikaifungua injini, Sharifa akinimulikia. Tatizo lilikuwa tangi la mafuta. Gundi ya kuzibia iliyopakwa kwa ndani ilikuwa inabanduka vipande vipande na kuziba chujio. Ni kazi ya Fundi Bakari mwenyewe. Nilikaa chini nikalitazama lile chujio, nikawaza namna ya kumwambia mjane wake.

Sharifa akaniona nawaza. Akasema tulisafishe tangi, tubadilishe chujio, tuendelee, mambo yaishie hapa hapa. Alijua kwamba nikimwarifu mkaguzi, ataagiza tangi jipya na saa zianze kuhesabiwa upya, na masika yako mlangoni. "Da Zai," akaniambia, "wewe una muda. Mama hana." Nilimpigia mkaguzi jioni ile ile, nikamweleza kila kitu, na ikawa kama tulivyojua: tangi jipya, kisha kuanza upya.

Bi Somoe nilimwambia mimi mwenyewe. Akauliza kama Bakari alikosea. Nikamwambia gundi aliyotumia ni ile iliyokuwa ikitumiwa na wengi, imeshindwa na mafuta ya siku hizi, lakini ndiyo, tangi lilikuwa na kasoro na lilinizimishia injini. Akaomba alishike. Nikamletea, akalipapasa pembe zote, akaliweka mapajani, akakaa nalo kama mtu aliyepakata mtoto wa watu.

Tangi jipya lilipofika, masika nayo yakafika. Kiwanja kikawa tope. Wiki zikapita, mvua juu ya bati la ghala, ndege imesimama gizani na mimi naipangusa vumbi ambalo halipo. Ndani ya wiki hizo nilimwona Bi Somoe anaanza kugonga bega kwenye mlango. Akaacha kushona sare. Akaanza kumtaja mtu jina kwanza kabla ya kusema, ili ahakikishe ndiye. Mimi nilikuwa nalala na kuota natua kwenye ule uwanda mweupe, natua, natua, sifiki chini.

Mvua zilipopumzika nikaanza tena, saa zangu zote mpya mbele yangu. Ndege haikunisumbua hata mara moja. Injini ikawa inanguruma kama paka aliyeshiba.

Halafu ikaja siku ile, Mama. Ilikuwa asubuhi safi, upepo hakuna, nimeshamaliza kuikagua, nimeshafukuza mbuzi wanaolala kiwanjani. Nikaona Sharifa anakuja amemshika mama yake mkono. Bi Somoe alikuwa amevaa doti mpya ya kanga, amejifunga kilemba vizuri, na viatu vya kufunga, ambavyo sijawahi kumwona navyo. Akaja mpaka kwenye bawa, akaweka kiganja.

"Zaituni mwanangu," akasema, "leo nimeamka macho yana siku njema. Nimeona mnazi wa jirani na makuti yake. Sijui kama kesho nitauona. Nipandishe."

Sharifa akasema kiwanja chote kina mbuzi tu, nani ataona, ni kwenda Pande na kurudi, hata chai haijapoa. Bi Somoe akamnyamazisha. Akaniambia kwamba anajua hatari, yeye ni mtu mzima, akifa amekufa ndani ya kazi ya mumewe na hatanidai.

Nilimpigia mkaguzi mbele yao. Nilitumaini, sikufichi, kwamba atanipa njia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, kisha akasema kanuni ile haina mlango wa pembeni, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba hakufurahi kuisema. Nikakata simu. Hakuna mtu aliyekuwepo pale wa kunizuia. Bi Somoe ni mwepesi, mafuta yalikuwa ya kutosha, hewa imetulia kama maji ndani ya mtungi. Nilijua karibu kwa hakika kwamba tungekwenda na kurudi. Lakini hilo neno "karibu" ndilo nililolisikia juu ya mashamba ya chumvi injini iliponyamaza. Siku ile pia nilikuwa karibu na hakika.

Nikamwambia, "Bi Somoe, siwezi kukupakia. Bado saa hazijatimia."

"Huwezi au hutaki?"

"Naweza. Sitaki."

Aliondoa kiganja kwenye bawa. Hakunitukana, hakuhamia hata Kimachinga. Alimshika Sharifa mkono wakarudi, nami nikawatazama kanga ile mpya inavyopungua njiani mpaka ikaishia kwenye kona ya maduka. Kisha nikaruka peke yangu, kwa sababu saa zilikuwa lazima zitimie, na kiti cha kulia kilikuwa kitupu, mkanda wake nimeufunga usipigepige. Pande ilikuwa inaonekana wazi, kila paa, kila mti. Sijawahi kuona asubuhi safi vile tangu nije huku. Hakuna kilichotokea, Mama. Nikatua salama.

Hilo ndilo linaloniumiza. Ndege haikukosea tena, siku ile wala zilizofuata. Ningempakia angeona yote.

Baada ya hapo Bi Somoe hakuvuta tena kigoda. Chakula aliniwekea, akala baadaye peke yake. Hakuniuliza tena nimeona nini. Sharifa hakuongea nami kwa muda, kisha siku moja akaja ghalani, akakaa juu ya ndoo, akasema mama yake sasa anaona mwanga na vivuli tu. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kwa sababu alihitaji kumwambia mtu, na mimi ndiye niliyekuwepo. Nikaacha kazi, tukakaa.

Saa zilitimia mwezi uliopita. Mkaguzi alikuja, akafungua kila kifuniko, akavuta kila waya, akairusha mwenyewe mara moja, akasaini. Akaniagiza kwamba kabla ya kumpakia abiria yeyote lazima nimwambie waziwazi kuwa ndege hii imeundwa na mtu binafsi na haikupimwa kama ndege za abiria, kisha abiria aamue. Maneno hayo yameandikwa pia kwenye kibati mbele ya kiti cha kulia.

Nilikwenda kwa Bi Somoe siku hiyo hiyo. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwa vidole. Nikamwambia kiti chake kiko tayari akikitaka. Alimaliza kwanza mchele uliokuwa kwenye ungo. Kisha akasema tutakwenda kesho yake asubuhi, na niwahi kufukuza mbuzi.

Nikamfunga mkanda, nikampa vifuniko vya masikio vyenye kipaza sauti ili tusikilizane. Nikamsomea kibati neno kwa neno. Nikamuuliza kama ameelewa kwamba aliyeiunda si kiwanda.

"Aliyeiunda namfahamu," akasema. "Twende."

Tulipoacha ardhi alishika goti langu kwa nguvu, kisha akaliachia, akaweka mkono dirishani. Nikageuka kuelekea kusini. Halafu akasema, "Sasa tumeingia juu ya maji. Pamekuwa na baridi chini ya miguu," na ni kweli tulikuwa tunavuka. Akageuza uso upande wa jua. Sijui alikuwa anaona nini, labda mng'ao. Kisha akaniuliza bila kunigeukia:

"Siku ile niliyokuja na kanga mpya, ningeyaona haya?"

"Ndiyo, Bi Somoe. Ungeyaona yote."

Niliangalia mita ya mafuta, nikaangalia upeo, nikaangalia tena mita ya mafuta.

"Basi niambie," akasema. "Taratibu. Usirukeruke."

Nikamwambia. Nilimwambia mikoko na mifereji yake inavyojipinda, na maji ya kijani, na ile rangi isiyo na jina, akaniuliza inafanana na kitambaa gani, nikafikiri, nikasema hariri ya kijani ukiitazama kwa pembeni. Akaitikia kwa kichwa, ameielewa. Nilimwambia mchanga unavyojitokeza majini kama mgongo wa mtu aliyelala. Tulipofika Pande nikapunguza mwendo, nikazunguka kwa upole, nikamtajia msikiti, njia, mashamba, minazi, mikorosho inavyosimama kwa mistari. Akaniuliza kama shamba la pembeni ya njia ya kwenda majini bado lipo. Nikasema lipo, limelimwa, kuna nyumba ya bati pembeni. Akasema haikuwa ya bati. Tukazunguka mara mbili, kisha nikasema mafuta ya akiba siyagusi, na yeye mwenyewe akasema, "Turudi, usije ukaniulizia tena mkaguzi," na mabega yake yakatikisika.

Alasiri wanawake wa mtaa walikuja kumpongeza, wakajaa barazani na watoto wao. Mimi nilikaa mlangoni namenya machungwa. Bi Somoe akaanza kuwasimulia. Alisimulia mikoko, na maji kama hariri ya kijani, na mgongo wa mtu aliyelala, yote niliyomwambia, lakini mdomoni mwake yalikuwa makubwa zaidi. Kisha akafika Pande. Akasema aliona nyumba yao ya makuti, mpya, makuti bado ya kijani. Akasema alimwona mama yake uani anapeta ufuta, na aliposikia mlio wa ndege akasimamisha ungo, akainua uso, akaziba jua kwa kiganja, akatazama mpaka tukapita. Mama yake alifariki kabla Sharifa hajazaliwa.

Sharifa akanitazama. Mimi ambaye sikukubali kumficha mkaguzi kipande cha gundi, niliinama nikaendelea kumenya machungwa. Kiti kile kilikuwa chake, na aliyoyaona akiwa pale ni yake.

Basi Mama, ndiyo hayo. Unielewe kwa nini sauti yangu imebadilika. Kuna kazi ya ndege ndogo inayoniita Dar tena, lakini nimewaomba wanisubiri kidogo, maana Bi Somoe anataka kumfundisha Sharifa kushona mabawa, na ni lazima awepo mtu wa kuona mafundo. Nikipata likizo nitakuja Ujiji kabla ya mwezi wa Ramadhani, uniambie mbele ya macho unavyonihukumu.

Nisalimie Bibi, mwambie dawa ya mgongo nimemtumia kwa dereva wa basi. Nisalimie Shangazi Mwamvita na meza yake ya dagaa pale sokoni, na Mjomba Kabwe fundi baiskeli, mwambie ndege nayo ina breki za waya kama zake. Wifi yangu mke wa Ramadhani, na mtoto wao, nambusu utosini. Ramadhani mwenyewe ajisalimie akimaliza kusoma, na kama ameruka mahali arudi nyuma.

Bi Somoe anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni yangu na ameniagiza niandike maneno yake kama yalivyo: amesema umezaa mtoto mgumu, Mungu akuwekee, na siku ukija Kilwa usipande na rubani mwingine.

Mwanao akupendaye,
Zaituni